Kopo la Mama Mkwe: Ijue Sarafu Kabla Hujaiuza

Mama mkwe wangu ana kopo. Ni kopo la bati lililokuwa la biskuti, rangi imekwisha kubanduka, na mfuniko wake haufungi sawasawa. Tangu niolewe, miaka zaidi ya ishirini sasa, nimeliona kopo hilo chini ya kitanda chake kule Tabora, limefungwa kwa kipande cha kanga. Ndani mna sarafu za zamani alizoachiwa na marehemu baba yake. Hakuna aliyejua ni za nchi gani. Watoto walikatazwa kuzigusa, na sisi wakwe tuliona aibu kuuliza.

Mwaka juzi Mama alianza kusahau. Kwanza alisahau chumvi kwenye mboga, halafu akasahau siku, halafu majina ya wajukuu. Mimi ni muuguzi, nilielewa ninachokiona, lakini kuelewa hakupunguzi uchungu. Tulimleta akae nasi, na kopo lake likaja naye.

Siku moja shemeji yangu alifika na habari. Kulikuwa na mtu anayepita mitaani kwa pikipiki akinunua vyuma chakavu, shaba, na sarafu za zamani. Alikuwa tayari kutoa shilingi 30,000 kwa kopo zima, bila hata kulimimina.

"Shemeji, Mama mwenyewe hazijui tena," aliniambia. "Dawa zake tunazinunua kwa taabu. Zina faida gani zikikaa uvunguni?"

Akina mama wenzangu, hoja yake haikuwa mbaya. Ni kweli dawa zilitugharimu. Mume wangu alisikiliza, kisha akasema, "Tupeane wiki moja. Tukishajua tunauza nini, ndipo tuuze." Hivyo ndivyo mimi, ambaye maishani mwangu nilikuwa nimehesabu sarafu za sadaka tu, nilivyoanza kujifunza kuzitambua.

KOSA LANGU LA KWANZA

Jioni ile ile nilifanya kosa ambalo ninaliungama hapa ili wewe usilirudie. Nilichukua sarafu kubwa kuliko zote, nyeusi kwa uzee, nikaisugua kwa majivu na limau kama sufuria. Iling'aa kweli kweli. Nilijipongeza.

Baadaye niliambiwa na mtu anayezijua kazi hizo kwamba nilikuwa nimeipunguzia thamani kwa mikono yangu. Rangi ile nyeusi si uchafu. Ni utando unaojengeka juu ya fedha kwa miaka mingi, nao ni ushahidi wa umri wake. Ukiusugua, unakwangua pia alama ndogo ndogo za nakshi, na hazirudi tena. Ni kama kubandua gaga la kidonda kinachopona.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: usisugue. Usitumie majivu, limau, dawa ya meno, wala steel wire. Kama sarafu ina udongo, iloweke kwenye maji safi ya uvuguvugu, kisha ikaushe kwa kuigandamiza taratibu ndani ya kitambaa laini. Ishike kwa ukingo wake, kati ya kidole gumba na cha shahada, maana jasho la vidole nalo huacha doa.

JINSI YA KUITAMBUA SARAFU

Kijana wangu wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyekuwa msaidizi wangu. Tulitandika kitambaa cheupe mezani karibu na dirisha, tukaazima kioo cha kukuzia maandishi, tukachukua daftari. Kila sarafu tuliiuliza maswali manne.

Swali la kwanza: Umetoka wapi? Tazama jina la nchi, lakini kumbuka kwamba kila taifa hujiita kwa lugha yake. Ukiona HELVETIA, hiyo ni Uswisi. SUOMI ni Ufini, SVERIGE ni Uswidi, na MAGYAR ni Hungaria. Kanisani kwetu, sarafu za kigeni zinazodondoka kwenye kikapu cha sadaka huwekwa kando kwa sababu benki haizibadilishi. Kwa ruhusa ya mhazini tulizitumia kujifunzia. Nyingi zilikuwa za yuro, fedha iliyoanza kushikwa mikononi mwa watu huko Ulaya mwaka 2002. Sarafu za yuro zina upande mmoja unaofanana kwa nchi zote, na upande wa pili ni wa nchi yenyewe. Kinubi ni Ireland. Bundi kwenye yuro moja ni Ugiriki.

Swali la pili: Umezaliwa lini? Mara nyingi mwaka umeandikwa, lakini si kila mwaka ni wa kalenda yetu. Sarafu za shaba za Sultan Barghash wa Zanzibar, zenye picha ya mizani, zina mwaka 1299. Huo ni mwaka wa Kiislamu, yaani wa Hijria, nao ni sawa na 1882. Katika tarakimu za Kiarabu, nukta ni sifuri na kiduara ni tano. Sarafu za Ethiopia nazo hufuata kalenda yao, ambayo iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane.

Swali la tatu: Umetengenezwa kwa nini? Chukua sumaku. Dhahabu, fedha, shaba na shaba nyeupe ya kawaida hazivutwi. Ikivutwa, ujue ndani yake mna chuma au nikeli, hata kama juu imepakwa rangi ya dhahabu. Kisha ipime uzito kwenye mzani mdogo. Sarafu ya bandia mara nyingi hujifichua kwa uzito.

Swali la nne: Una alama gani ndogo? Herufi moja chini ya namba inaweza kuonyesha mji ilikofuliwa.

Ile niliyoisugua tuliitambua kwa maswali hayo. Upande mmoja ina mama mnene wa kifalme, upande wa pili tai mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Ni reale ya Maria Theresia, malkia wa Austria, yenye uzito wa gramu 28 za fedha iliyochanganywa na shaba. Usishtuke ukaona una mali ya mwaka 1780! Malkia huyo alifariki mwaka huo huo, lakini wafanyabiashara wa Uarabuni, Ethiopia na pwani yetu waliipenda sarafu yake kiasi kwamba iliendelea kufuliwa Vienna, Roma, London na Bombay hadi karne ya 20, daima na mwaka ule ule wa 1780.

MANENO YETU YAMO NDANI YA SARAFU

Jambo lililotufurahisha zaidi ni kugundua kwamba kila siku tunatamka majina ya sarafu zilizokwisha kufa. Tunaposema "sina hela", tunataja sarafu ya Mjerumani. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa katika heller 100, na wazee wetu wakaitamka hela. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa pesa 64, neno lililotoka India. Sumni, yaani senti hamsini, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Na sarafu ya shilingi tano ya miaka ya nyuma, tuliyoiita dala, ndiyo iliyozaa jina la daladala.

Hata yule mwanamke wa Luka 15 anayewasha taa na kufagia nyumba, Biblia yetu inasema alipoteza shilingi. Katika Kigiriki ni drakma, sarafu ya fedha. Watafsiri walichagua neno ambalo mama wa hapa angelielewa mara moja.

Ndani ya kopo la Mama tulikuta heller ya kwao kabisa. Ni ya shaba ya njano, imefuliwa ovyo ovyo, ina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na upande wa pili namba 20, neno HELLER na herufi T. Hiyo T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Wajerumani wakafua zao wenyewe katika karakana ya reli mjini Tabora. Septemba 1916 Wabelgiji waliuteka mji huo. Bibi mzaa baba wa mama mkwe wangu alikuwa akiishi Tabora miaka hiyo. Huenda ni yeye aliyeipokea sokoni.

Tulipata pia senti kumi yenye tundu katikati, ya mwaka 1936, yenye jina la Edward VIII. Mfalme huyo wa Uingereza alikaa kwenye kiti miezi kumi na moja tu, akakiacha Desemba 1936. Sarafu zenye jina lake ni za nchi chache duniani, na Afrika Mashariki ni mojawapo. Kwa kuwa sarafu ilitobolewa, hakukuwa na nafasi ya sura yake.

JIHADHARI NA MATAPELI

Usifikiri kwamba kila sarafu ya zamani ni utajiri. Ile senti kumi ya Edward VIII ina historia nzuri, lakini zilifuliwa kwa wingi na bei yake ni ndogo. Bei hutegemea mambo matatu: ni adimu kiasi gani, imetunzwa vipi, na kuna watu wangapi wanaoitafuta. Uzee peke yake hautoshi.

Mama mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa aliponzwa na jambo hili. Walimjia wanaume wawili waliovaa vizuri. Wa kwanza alimwonyesha "rupia ya Mjerumani" iliyovuta punje za mchele, akamwambia ina nguvu na kuna Mzungu anayeitafuta. Wa pili alijifanya mnunuzi, akapiga simu mbele yake na kutaja mamilioni. Mama yule alichukua mkopo wa kikundi akainunua. Wale wanaume hakuwaona tena, na mume wake alijua habari hizi siku ya marejesho. Nilikuwa naye usiku ule, sitausahau.

Wapendwa, rupia halisi ni ya fedha, na fedha haivuti mchele, wala sindano, wala njiti ya kiberiti. Sarafu haina "nguvu". Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyofuliwa Tabora mwaka 1916, ipo kweli, na zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Lakini za bandia nazo ni nyingi. Mtu akikuletea mlangoni akikuharakisha, mfungie mlango.

Jambo jingine ni sheria. Kama unaishi pwani na watoto wakaokota sarafu ndogo za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, huenda ni za masultani wa Kilwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa hapa nchini kabla ya mwaka 1863. Usiviuze. Wapelekee watu wa makumbusho au wa mambo ya kale. Huwezi kujua umeokota nini. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Aliziweka kwenye kopo, na zikakaa humo mpaka mwaka 1979 alipozituma zikatambuliwe. Namna zilivyofika huko kutoka Kilwa, wataalamu wanabishana hadi leo. Kama angezitupa, swali lenyewe lisingekuwepo.

SARAFU NA WATOTO WADOGO

Hapa nazungumza kama muuguzi. Mtoto wa chini ya miaka mitano hutia kila kitu mdomoni, na sarafu ni miongoni mwa vitu vinavyomezwa sana. Weka mkusanyiko wako juu, mahali asipofika.

Ukishuku amemeza, dalili ni kutokwa na mate mengi, kukataa kula, kutapika, kukohoa, au kulalamika maumivu ya kifua au shingo. Usimtapishe. Usiingize kidole kooni kwa kubahatisha. Usimpe ugali au ndizi "isukume". Mpeleke hospitali apigwe picha ya eksirei. Kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kama hawezi kulia wala kupumua, ita msaada mara moja na umpige mgongoni, katikati ya mabega, kichwa chake kikiwa kimeinama chini ya kifua.

Hatari kubwa zaidi ni betri bapa za saa, rimoti na vitu vya kuchezea. Zinafanana na sarafu, lakini ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Usisubiri kesho. Mwambie daktari wazi, "Huenda ni betri."

KOLOMBO

Ijumaa ya wiki ile zilikuwa zimebaki sarafu mbili tusizozijua. Moja ilikuwa ya mraba, yenye pembe za mviringo, ya rangi ya njano, imeandikwa CEYLON, senti tano, mwaka 1944. Ya pili ilikuwa ya shaba, ina tundu kubwa sana katikati kama pete, imeandikwa INDIA, mwaka 1944 pia.

Kijana wangu alikwenda kutazama kwenye vitabu vyake. Ceylon ndiyo Sri Lanka ya leo, kisiwa cha majani ya chai. Mwaka 1943 askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walivushwa bahari hadi huko, na mwaka 1944 wakapita India kwenda kupigana na Wajapani huko Burma. Tulijua kwamba baba yake Mama aliwahi kuwa askari. Alikwenda wapi, hakuna aliyejua. Hakupenda kuzungumza, na karatasi zake ziliungua pamoja na nyumba zamani.

Mama alikuwa amekaa barazani. Mjukuu wake alimwekea ile ya mraba kwenye kiganja. Aliipapasa kwa kidole gumba, pembe moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu.

"Hii ya baba," alisema. "Hii ya Kolombo."

"Kolombo ni nani, Bibi?"

"Rafiki yake baba. Alikuwa akimtaja usiku, akiota. Kolombo, Kolombo. Mama alikuwa akituambia tusimwamshe."

Kijana wangu alinitazama. Alikwenda kuleta atlasi yake ya shule, akaifungua penye bahari ya Hindi, akaweka kidole chake kwenye kile kisiwa. Mji wake mkubwa wa bandari ni Colombo.

"Bibi, Kolombo si mtu. Ni mji. Ndiko Babu alikoshuka kutoka kwenye meli."

Mama hakujibu upesi. Kisha alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa mwaka mzima. "Kumbe!" alisema. "Na mimi miaka yote nikawa namsubiri aje kututembelea." Halafu akaanza kusimulia. Baba yake aliwaambia kwamba kule wanawake huchuma majani ya chai milimani, na mvua hainyeshi bali inamwagwa. Alirudi na homa na viatu vya askari ambavyo hakumruhusu mtu avivae. Kijana wangu aliandika mpaka mwanga ukaisha.

Shemeji yangu alikuja Jumapili baada ya ibada. Hatukumhubiria. Tulimpa daftari akasoma. Alipofika kwenye Kolombo alinyamaza, akaifunga, kisha akauliza, "Zile dawa za mwezi huu zimebaki shilingi ngapi?" Tulichanga, kila mmoja kwa uwezo wake. Kopo halikuuzwa.

ANZA NA ZILIZOMO NYUMBANI

Ukitaka kuanza mkusanyiko, huhitaji fedha nyingi. Anza na sarafu zilizo kwenye droo, kwenye mkoba wa zamani, au kwa babu na bibi. Zipo za Tanzania za mwaka 1966: samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini, sungura kwenye senti hamsini. Wafundishe watoto kuweka karatasi juu ya sarafu na kusugua taratibu kwa penseli mpaka picha itokeze. Hiyo haiidhuru.

Tunza kila sarafu kwenye bahasha yake ndogo ya karatasi, mahali pakavu. Epuka mifuko laini ya plastiki inayonata, maana huziharibu taratibu. Na juu ya kila bahasha andika mambo matano: nchi, mwaka, madini, imetoka kwa nani, na alisema nini juu yake. Hilo la mwisho hutalikuta kwenye kitabu chochote, wala mnunuzi wa pikipiki hawezi kukulipa.

Waulize wazee wako mwezi huu. Usingoje sikukuu.

Mama sasa kuna asubuhi halijui jina langu. Huniita "dada wa hospitali", na mimi huitika. Lakini akishika ile ya mraba hutulia, na akiulizwa imetoka wapi, hajakosea hata siku moja. Ile reale niliyoisugua ipo kwenye bahasha yake, inang'aa kama kijiko kipya. Juu yake nimeandika kosa langu, ili wajukuu wajue.